Uzi: Kabla lori halijapakia mzigo wako, jua ni la nani

MamaMafuta_Nyamakima · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wafanyabiashara wenzangu, hamjambo. Niliibiwa mzigo mzima na watu waliojifanya kampuni ya uchukuzi, na nimekaa na jambo hili wiki sita kabla ya kupata nguvu za kuliandika. Juzi mama mmoja wa Kamukunji kaniambia amepata lori la bei nzuri kupitia mtu wa simu, na maneno aliyoambiwa ni yale yale niliyoambiwa mimi. Usiku huo sikulala.

Nauza mafuta ya kupikia na sabuni kwa jumla, na wateja wangu wengi wako Bungoma na Chwele. Kwa miaka minne mzigo wangu umebebwa na mzee mmoja mwenye lori lake, na hatujawahi kupoteza hata dumu moja. Wiki hiyo gia boksi ya lori lake ilikuwa imefunguliwa kule Kariobangi, na mteja ananipigia asubuhi na jioni kwamba rafu zimebaki tupu. Nikamuuliza jirani wa duka. Jirani akanipa nambari ya broka, dalali wa malori. Broka akanitumia nyaraka za kampuni ya uchukuzi kwa WhatsApp kabla hata sijaziomba: cheti cha usajili, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha kutii kodi, bima. Nikasema hawa ni watu wa maana.

Na nyaraka zile zilikuwa halali. Hapo ndipo naomba msome polepole. Kampuni ipo, imesajiliwa, inalipa kodi, ina yadi na ina malori. Lakini aliyenitumia hakuwa mtu wao. Nyaraka za kampuni ya uchukuzi husambaa: huambatishwa kwenye zabuni, hupewa wateja, hupita kwenye simu za watu wengi. Yeyote anaweza kuwa nazo.

Lori lilikuja saa kumi na moja jioni, wakati ambao kila mtu sokoni anataka kufunga. Tukapakia madumu 300 ya lita 20 na katoni za sabuni, mzigo wa zaidi ya shilingi milioni 1.6. Nikatuma shilingi 35,000 za dizeli kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mtu binafsi. Nikauliza, broka akasema huyo ni mhasibu wao. Nikathibitisha. Saa tano usiku dereva akaniambia yuko Gilgil. Alfajiri simu yake ilikuwa imezimwa, na haijawashwa hadi leo.

Asubuhi nilifanya kile nilichopaswa kufanya jana yake. Niliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalipa shilingi 550, nikatafuta rekodi ya namba ya lori lile NTSA, mamlaka inayosajili magari. Ikatokea Probox nyeupe. Namba iliyofungwa kwenye lori lililobeba mali yangu ni ya gari dogo la mtu ambaye hana habari yoyote. Kisha nikaitafuta ofisi ya ile kampuni mimi mwenyewe, nikaenda hadi langoni pao Industrial Area. Meneja alinikaribisha, akanipa kiti na maji, akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mama, wewe ni wa tatu mwaka huu."

Polisi wana taarifa, OB, nambari ya kitabu chao cha matukio, ninayo, na hayo nayaacha hapo.

Tangu siku hiyo naangalia majina matatu. Jina linalopokea pesa. Jina lililo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari. Jina lililo kwenye bima. Yakiwa moja, naendelea na maswali mengine. Yakitofautiana, nataka karatasi inayoyaunganisha, na nataka kuzungumza na mwenye jina kwa nambari niliyoitafuta mimi, si aliyonipa broka. Laiti ningefanya hilo la mwisho peke yake, lingetosha. Simu moja tu kwa mezani ya ile kampuni.

Mnaoijua kazi hii kunizidi, tafadhali ongezeni. Wengine wetu tunajua bei za madumu tu.

---

Karani_wa_Embakasi · Jumatatu, saa 2:55 usiku

Pole sana mama. Nafanya kazi ya kliaringi, kutoa mizigo forodhani, hapa ICD Embakasi, bandari kavu, na ulilosema la kutafuta nambari mwenyewe ndilo la kwanza tunalofundisha karani mpya. Aliyeiba nyaraka amebadilisha kitu kimoja tu, nacho ni nambari ya simu. Barua pepe pia. Tazama mwisho wa anwani: kampuni yenye tovuti yake kwa kawaida haiandiki kwa anwani ya bure iliyofunguliwa jana.

Kuhusu cheti cha usajili, usitosheke na picha. Kama ni kampuni ya dhima, omba CR12 kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, ndani ya eCitizen. Omba mwenyewe, usipokee waliyokutumia, maana ya mwaka juzi haikuambii nani ni mkurugenzi leo. CR12 itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na siku kampuni iliposajiliwa. Mtu akikuambia yuko barabarani miaka kumi na kampuni ina miezi miwili, muulize alikuwa nani kabla ya hapo. Huenda ana jibu zuri, wapo waliohama kutoka jina la biashara kwenda kampuni. Lakini ajibu.

PIN ni bure kuikagua. Ukurasa wa iTax, tovuti ya kodi ya KRA, una mahali pa kuhakiki PIN bila hata kuingia kwenye akaunti, unajibu swali dogo la hesabu tu. Hutoa jina la mwenye PIN na kodi alizosajiliwa nazo. Mtu akikutoza VAT ya asilimia 16 na hapo haionekani, kuna shida. Na mwambie mapema unataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo KRA hawaikubali kwenye hesabu zako, kwa hiyo unaidai kwa faida yako mwenyewe, na kwa wakati huohuo unamwona anayebabaika.

Wenye mizigo inayopita kwenda Uganda, Rwanda au Kongo wana ngazi nyingine. Gari linalobeba mzigo ulio chini ya forodha lazima liwe na leseni ya KRA, na mzigo hufungwa sili ya kielektroniki inayofuatiliwa kwenye mfumo wa RECTS. Mchukuzi asiyejua hayo maneno hajawahi kuvuka Malaba na mzigo wa aina hiyo.

---

Fuso_Moja_Tu · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Mama pole, kwa moyo wote. Lakini niruhusuni nisemee sisi wadogo.

Mimi nina lori moja. Nililinunua kwa mkopo, kwa hiyo kwenye logibuku kuna jina la benki pamoja na langu. Sina kampuni, nina jina la biashara, na jina la biashara halina CR12. Sina yadi, lori hulala kwenye kituo cha mafuta na namlipa mlinzi. Pesa hupokelewa kwa till, nambari ya M-Pesa ya biashara, iliyosajiliwa kwa jina la mke wangu, kwa sababu yeye ndiye anayeweka hesabu. Kwa majina yako matatu mimi ni mwizi.

Na sijawahi kupoteza mzigo wa mtu.

Ninyi wenye mali mkianza kudai nyaraka za kampuni kubwa, mtabaki na kampuni kubwa peke yake, na bei mtaiona. Mzee wako wa miaka minne ana CR12?

---

MamaMafuta_Nyamakima · Jumatatu, saa 3:48 usiku

Ndugu yangu, hana. Umenigusa pale pale.

Benki kwenye logibuku sina tatizo nayo, nimejifunza kuwa malori mengi yako hivyo. Hiyo ya till ya mama watoto ndiyo ingenisimamisha. Ungekuja dukani wewe mwenyewe na kitambulisho, nikaona jina lako ni lile la kwenye rekodi ya NTSA, ukaniandikia kwa mkono kwamba pesa ziingie till hiyo, ningepakia. Mzee wangu namjua kwake, najua kanisa analosali, nimekula kwake Krismasi. Kwa mtu nisiyemjua karatasi ndiyo inayosimama mahali pa hayo yote, kwa hiyo usinichukulie vibaya nikiidai.

---

Fuso_Moja_Tu · Jumatatu, saa 4:02 usiku

Hapo sawa. Till nitaibadilisha wiki hii, sikuwa nimeifikiria kwa upande wa mteja.

Ongeza na hili basi: mwombe mchukuzi mdogo nambari za wateja wawili aliowabebea mwezi uliopita, upige. Usiulize kama ni mtu mzuri, kila mtu atasema ni mzuri. Uliza alibeba nini, akapeleka wapi, karatasi ya kupokelea mzigo ilirudi baada ya siku ngapi. Mtu wa kupangwa hukwama kwenye maswali hayo.

---

Wakala_wa_Bima_Kariokor · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyeifungua bima. Nivumilieni, nitaandika kwa kirefu, kwa sababu kilio ninachokisikia ofisini ni kimoja kila wakati: "Lakini lori lilikuwa na bima!"

Lilikuwa nayo. Stika unayoiona kwenye kioo ni ya gari. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ni kwa ajili ya watu wengine watakaoumia au kufa barabarani. Hata ile kubwa inayolilinda lori lenyewe hailipi dumu lako hata moja. Mzigo una bima yake, ya mizigo iliyo safarini, wengi wetu huiita GIT. Hiyo ndiyo ya kuomba, na ukiipata usome mambo haya.

Kwanza kiwango. GIT huwa na kikomo kwa kila gari au kila safari. Mchukuzi anaweza kuwa na bima ya shilingi milioni moja kwa gari, naye amepakia mzigo wa milioni nne. Hakudanganyi akisema ana bima.

Pili inalinda dhidi ya nini. Nyingine ni za ajali ya barabarani na moto tu: lori likipinduka Salgaa unalipwa, mzigo ukiibwa hulipwi. Nyingine zina wizi ndani yake lakini zinakataa ikiwa lori liliachwa bila mtu, au lililala mahali pasipo na ulinzi. Na nyingi hazilipi ikiwa mwizi ni dereva au mfanyakazi wa mchukuzi mwenyewe, hadi hilo liongezwe kwa malipo ya ziada. Kisa cha mama hapa juu kingeangukia wapi? Mchukuzi halisi hakuhusika kabisa, kwa hiyo bima yake isingegusa mzigo huo. Ndiyo sababu nawaambia wenye mizigo ya thamani wakate GIT yao wenyewe, kwa jina lao. Ya mchukuzi iwe nyongeza.

Tatu, na hili halijulikani: bima ya lori lenyewe huandikwa kwa matumizi. Kuna lori lililokatiwa bima la kubeba mali ya mwenyewe, na kuna lililokatiwa la kubeba mizigo ya wengine kwa malipo. Ya kwanza ni nafuu, basi wapo wanaoikata kisha wanabeba mizigo ya kukodishwa. Siku ya ajali kampuni ya bima itauliza lile lori lilikuwa limebeba mali ya nani, na hapo maneno yanaanza. Matumizi yameandikwa kwenye cheti. Soma mstari huo.

Kuhakiki cheti si kazi. Vyeti vya magari siku hizi ni vya kidijitali, na AKI, chama cha kampuni za bima, wana programu ya simu ya kukagua kama cheti ni halali. Orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti ya IRA, mamlaka inayosimamia bima. Kwa GIT, piga kampuni ya bima moja kwa moja, uwatajie nambari ya mkataba wa bima na namba ya gari. Wengine huuliza kibali cha mwenye bima kwanza, basi mwombe mchukuzi awaandikie. Anayekataa kuandika mistari miwili ana sababu.

---

Dereva_Trela · Jumanne, saa 7:40 mchana

Mimi ni dereva, naenda Mombasa hadi Malaba, kwa sasa nimesimama Mlolongo. Mabosi mnazungumzia karatasi, na karatasi ni nzuri, lakini niwape ya getini.

Mwulize dereva ameajiriwa na nani. Usimtajie jina la kampuni wewe, acha alitaje yeye. Dereva halali atakuambia bosi ni nani, yadi iko wapi, na aliyempangia safari ni nani. Wa kukodishwa kwa siku moja atampigia mtu kwanza.

Chukua picha ya leseni yake na kitambulisho, na uangalie daraja. Wa kuvuta trela lazima awe na CE. Hatukasiriki tukiulizwa, mnatulinda na sisi pia, maana mzigo ukipotea wa kwanza kukamatwa ni dereva. Lakini hizo picha zibaki kwako. Kuna watu hutupa vitambulisho vyetu kwenye makundi ya WhatsApp, halafu ndivyo hivyo vinavyotumika kuibia mwingine.

Namba ya mbele si namba ya nyuma. Kichwa kina namba yake inayoanza na K, trela ina namba yake inayoanza na Z na logibuku yake peke yake. Tafuta zote mbili. Na namba ni bati tu, mtu anaifunga kwa dakika mbili. Nambari ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha fremu, kwa kawaida upande wa gurudumu la mbele. Futa grisi, isome, uilinganishe na rekodi ya NTSA. Yule aliyefunga namba ya Probox kwenye lori angeshikwa hapo, hata kama angeiba namba ya lori jingine linalofanana na lake.

Kubwa kuliko yote: mzigo ukishatoka, usikubali kubadilishiwa mahali pa kushusha kwa simu. Nimeona mpokeaji anapigiwa eti lori limeharibika Kikopey, mzigo unahamishiwa lori jingine, tuma pesa ya kuhamishia. Mwambie dereva akupigie kwa picha, akuonyeshe mzigo na sili. Kama limeharibika kweli hatakataa, yuko hapo hapo amekaa kando ya barabara.

Na bei. Akikubebea kwa nusu ya bei ya wenzake, jiulize anaifidia wapi. Wengi hufidia kwa kujaza kupita kiasi. Lori la ekseli tatu mwisho wake ni tani 26 pamoja na uzito wa lori lenyewe, trela ya ekseli sita ni tani 50. Ukizidisha unashikwa mizani, Mariakani, Athi River, Gilgil au Webuye, na mzigo wako unakaa hapo mpaka uzito urekebishwe na faini ilipwe. Kama mzigo ni wa kuharibika, umeharibika.

---

Dallas_Mkimilili · Jumanne, saa 5:15 usiku

Salamu kutoka Texas. Naendesha lori huku, na nimeona niwaambie kunavyokwenda, kwa sababu watu hudhani Marekani jambo hili limekwisha.

Huku kila kampuni inayobeba mizigo kati ya majimbo ina nambari ya USDOT, na lazima iandikwe ubavuni mwa lori, pande zote mbili, pamoja na jina. Unaingia tovuti ya SAFER ya FMCSA, shirika la serikali la usalama wa malori, unaandika nambari, na bure kabisa unaona jina, anwani, idadi ya malori, kibali kama kinafanya kazi, ukaguzi waliofanyiwa na ajali walizopata. Broka naye huweka dhamana ya dola 75,000. Natamani Kenya tuwe na ukurasa mmoja wa namna hiyo, badala ya kuzunguka NTSA, BRS, KRA na bima.

Hata hivyo, wizi wa kujifanya kampuni nyingine uko huku pia, na ni mkubwa. Mtu anachukua jina la kampuni safi, anapewa mzigo, anatoweka nao. Na alilosema wakala wa bima ni sawa na huku: kiwango cha dola 750,000 ambacho sheria inadai kwa malori mengi ni cha madhara kwa watu na mali barabarani. Bima ya mzigo wenyewe sheria ya FMCSA hailazimishi kwa mizigo ya kawaida, ni mwenye mzigo anayeidai. Kwa hiyo msingoje serikali iwafanyie sehemu hiyo.

---

Duka_la_Rangi · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Swali: mimi hutuma kanta moja tu ya rangi hadi Thika, mzigo wa elfu themanini. Nifanye haya yote?

---

Karani_wa_Embakasi · Jumatano, saa 2:31 asubuhi

Hapana. Tafuta namba NTSA, lipia jina linalolingana, piga picha ya kitambulisho cha dereva. Dakika kumi. CR12 na maswali ya GIT yaweke kwa mzigo ambao ukipotea utafunga duka.

---

MamaMafuta_Nyamakima · Ijumaa, saa 4:20 usiku

Nimerudi. Asanteni, nimewasoma wote mara mbili.

Mzee wangu bado anangoja vipuri, kwa hiyo jana ilinibidi kumtafuta mchukuzi mwingine. Nilipata kampuni ndogo ya malori manne. Nilienda yadi yao kabla ya saa sita mchana, nikaona lori nitakalopewa, nikapiga picha ya chesisi. Fundi wao alinishikia tochi. Rekodi ya NTSA ilikuwa na jina la kampuni na la benki. CR12 niliyoomba mwenyewe ina wakurugenzi wawili, na mmoja ndiye niliyeketi naye. PIN sawa. Paybill, nambari yao ya kulipia, ina jina la kampuni.

Bima ndiyo iliyonisimamisha. GIT wanayo, lakini kikomo ni milioni moja kwa gari, na mzigo wangu ni milioni 1.4. Zamani nisingejua hata kuuliza. Mkurugenzi hakukasirika, alisema wateja wengi hawaisomi. Tukakubaliana hivi: nimepunguza mzigo ukafika laki tisa na nusu, uliobaki utakwenda safari ya pili wiki ijayo. Mteja wa Chwele amenung'unika, nimemweleza, amekubali. Mimi nami nimeanza kuzungumza na wakala ili nikate yangu.

Malipo: theluthi moja wakati wa kupakia, iliyobaki nitalipa karatasi ya kupokelea mzigo ikirudi na sahihi na muhuri wa duka la Bungoma. Tumeiandika na kutia sahihi. Tumeandika pia kwamba mahali pa kushusha hapabadilishwi ila kwa maandishi yangu.

Tumepakia saa nane mchana, mwanga ungalipo. Nilimwuliza dereva ameajiriwa na nani, kama Dereva_Trela alivyosema, na akanitajia hadi jina la mlinzi wa usiku.

Amenipigia sasa hivi kwa picha kutoka mizani Webuye. Sili niliiona, nambari yake ni ile niliyoiandika kitabuni. Atalala ndani ya kituo chenye ulinzi, asubuhi aingie Bungoma.

---

Dereva_Trela · Ijumaa, saa 4:26 usiku

Vizuri mama. Mwambie mpokeaji ahesabu madumu yote kabla ya kutia sahihi, na lolote lililopungua aliandike kwenye karatasi ile ile, dereva naye atie sahihi hapo hapo.

---

MamaMafuta_Nyamakima · Ijumaa, saa 4:29 usiku

Nampigia sasa.